Mkia wa Waya Nyuma ya Pazia

Vijana wa karakana, siku ya kuniaga mlinipikia pilau, mkanikabidhi saa ya ukutani, kisha Mwanaidi akasimama mbele za watu akasema, "Mzee, hotuba yako fupi mno. Katuandikie." Haya, naandika. Mishahara sitaitaja maana haina la kutajwa, na vyeo mnavijua wenyewe: niliingia fundi, nimetoka fundi. Saa nimeitundika sebuleni. Inakwenda mbele. Nitaifungua nione, na mke wangu ameshaniomba nisiifungue.

Nilianzia Lindi mjini, enzi za simu za waya, chini ya Mzee Bonifasi. Alikuwa Mmakonde wa kutoka juu uwandani, Mkristo wa kanisani hasa, na Ijumaa ikifika ni yeye aliyenikumbusha kwenda kutawadha. Siku ya kwanza nilikwenda kazini na bisibisi mpya mfukoni. Niliinunua mwenyewe, na nilikuwa naitoa naitazama kila baada ya hatua mbili. Mzee Bonifasi akaichukua, akaitia kwenye droo, akafunga. "Leo hii huishiki," akasema. "Leo unauliza tu."

Tukaenda kwa mfanyabiashara mmoja ambaye simu yake ilikuwa imekufa. Mimi nikataka kuikimbilia simu. Mzee akaketi, akapokea kahawa, akauliza hali za watoto, akasifia ukuta, akauliza umepakwa chokaa lini. Mwenye nyumba akasema wiki hiyo hiyo. Basi Mzee akainuka, akafuata waya kwa kidole mpaka nyuma ya kabati, na pale akakuta wapaka chokaa wameukata ili ukuta upendeze, kisha wakauficha. Kazi ikaisha kabla kahawa haijapoa. Njiani akaniambia neno ambalo limenilisha miaka yote: "Waya hauna miguu. Ukiharibika ujue kuna mtu kapita. Muulize nani kapita, na usimuulize kwa ukali, atakuficha."

Bisibisi alinirudishia mwezi uliofuata. Alipostaafu aliniachia na koleo lake la kubania plagi kwenye ncha za waya, lile lenye mpini uliofungwa mpira wa baiskeli. Sasa liko kwa Mwanaidi. Asimwazime mtu.

Simu za waya zikafa zote, mtandao ukaja, nami nikahamia Kilwa Masoko. Nilidhani nimeingia dunia nyingine. Kumbe watu ni wale wale, na nyumba ni zile zile. Nangurukuru kulikuwa na mama mwenye nyumba ya wageni, mtandao wake unakufa kila mchana kukiwa na joto, unafufuka usiku. Nikakuta ruta iko juu ya friji, imevalishwa kitambaa kilichodariziwa, na chini ya kitambaa bado ina nailoni yake ya dukani. Inapikwa nzima nzima. Nikamwambia aivue. Akanitazama kwa masikitiko: "Fundi, kitu cha thamani kikae uchi mbele ya wageni?" Tukaafikiana kitambaa kitandikwe chini na ruta ikae juu yake. Mpaka leo iko hivyo na inafanya kazi. Songo Songo kule adui ni chumvi. Plagi inaota kutu ya kijani, na mwenyewe anakuapia ni mpya. Dawa yake ni kuikata na kubana nyingine. Kubishana na mtu wa kisiwani juu ya chumvi ni kupoteza boti ya kurudi.

Nanyi mnajua ugomvi wangu na zima-washa. Kuzima na kuwasha ni sawa na kumwambia mgonjwa alale kidogo. Akiamka mzima, alhamdulillahi, lakini hujui alikuwa anaumwa nini. Mimi zima-washa naitumia kwa sababu moja tu, kuona kifaa kitaishi muda gani kabla hakijafa tena. Hapo ndipo kinaposema kinachokisumbua. Na sasa nawafikisha kwenye kazi ya Bi Zainabu, ambayo Mwanaidi ameisikia nusu nusu na anaisimulia vibaya.

Bakari alikuwa na duka la madaftari na kalamu hapa Masoko, kwenye baraza ya nyumba yake. Mtaa wao uko bondeni, simu za mkononi zinashika kwa kubahatisha, mtu akitaka kuongea anapanda ukutani. Bakari akasimamisha mlingoti uani, akafunga antena juu yake, akateremsha waya mpaka kwenye ruta katika chumba chake cha kufanyia kazi. Pembeni ya ruta akaweka swichi, kile kisanduku chenye matundu manane kinachogawa mtandao kwa kila waya uliochomekwa. Waya mmoja ukaenda dukani, mmoja nyumba ya uani kwa mdogo wake Athumani, mmoja chumba cha watoto. Alifanya kazi safi, nami sisifu kazi ya mtu ovyo. Alifanya yote hayo kwa ajili ya mkewe, Bi Zainabu, aliyekuwa akisomea ualimu wa watoto wadogo kwa njia ya mtandao. Kisha Bakari akafariki, ghafla, bila kuugua.

Siku moja, kabla ya adhuhuri, Athumani akaingia karakana na pikipiki, hajavua hata kofia.

"Shikamoo, fundi. Mtandao wa nyumbani umekufa tangu matanga. Tumeweka bando, wapi. Tumezima tumewasha, wapi. Majirani wanasema mtandao wa Bakari umemfuata mwenyewe."

"Marahaba. Tangu matanga, na unakuja leo?"

"Shemeji hakutaka tukusumbue. Lakini leo ana mtihani wake wa mwisho. Unafunguliwa saa nane kwenye kompyuta, ukifungwa umefungwa. Na muda wake wa masomo chuoni ndio unakwisha. Akiukosa, anaanza upya darasa lote."

"Basi aje aufanyie hapa karakana. Mtandao upo."

Athumani akanitazama kama nimesahau nilipozaliwa. "Fundi, shemeji yuko eda."

Kweli nilikuwa nimesahau. Mjane yuko eda, hatoki nje ya nyumba, na haonani na wanaume wasio maharimu zake. Nikachukua mkoba, nikapanda nyuma ya pikipiki.

Nyumbani nikakuta shida ya pili, nayo ilikuwa imeketi kwenye kigoda mlangoni. Bi Somoe, shangazi yake Bi Zainabu, alikuwa ametoka Njinjo kuja kukaa na mwanawe mpaka eda iishe. Mwanamke mfupi, sauti nzito, na ukindu wa mkeka mikononi, anasuka bila kuutazama. Nikamwamkia kwa adabu zote, akaitikia, kisha nikamwomba nionyeshwe ilipo ruta.

"Ipo humu," akasema, akielekeza kichwa kwenye pazia nyuma yake. "Na mwanangu yumo humu. Chumba cha marehemu ndicho alichochagua kukalia eda. Kwa hiyo wewe utaishia hapo uliposimama."

"Bi mkubwa, akihamia chumba cha pili kwa muda kidogo tu, mimi naingia natoka."

"Mwenye eda hahamishwi kwa ajili ya vitaa vya kijani."

"Basi wewe uingie, mimi nikuelekeze."

"Mimi na waya mbalimbali. Hata redio nawashiwa."

Nikatazama saa. Adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa. Karakana yetu wakati ule haikuwa na fundi hata mmoja wa kike, na siku ile ndiyo niliyojua kuwa hilo ni pengo la kazi kama kukosa ngazi. Nilisimama pale na vifaa vyangu vyote, na kitambaa kimoja cha pazia kimenishinda.

Ndipo sauti ikatoka ndani. "Fundi, shikamoo."

"Marahaba, Bi Zainabu. Pole kwa msiba."

"Tushapoa. Nielekeze mimi. Macho ninayo na mikono ninayo."

Bi Somoe akaacha kusuka. "Zainabu, ukinaswa na umeme?"

"Shangazi, nikikosa mtihani huu ndio nitakuwa nimenaswa. Bakari alisimamisha mlingoti ule kwa mikono yake ili mimi nisome. Nimekaa humu nautazama dirishani kila siku, na mtandao umekufa. Niache nijaribu."

Bi Somoe akainuka. Akavuta kigoda chake pembeni kidogo, nami nikakaa sakafuni mbele ya pazia. Pazia lilikuwa jekundu lenye maua meupe. Nimeyatazama maua yale siku ile kuliko nilivyotazama kitu chochote katika kazi yangu.

Kwanza nilimtuma Athumani apande ukutani na simu yake aone kama mnara unashika. Akapaza sauti kwamba unashika vizuri. Basi ugonjwa haukuwa mnarani, ulikuwa humu ndani. Nikamwomba Bi Zainabu azime ruta na swichi, asubiri, awashe, huku Athumani amekaa dukani mbele ya kompyuta. Athumani akaita, "Umerudi!" Nusu ya watoto wa nyumba wakakimbilia dukani. Kabla hawajafika, akaita tena, kwa sauti ya chini, "Umekufa."

Wengine walivunjika moyo. Mimi moyo wangu ndio ulipanda. Kifaa kilichoungua hakifufuki hata kidogo. Kinachofufuka kisha kikafa papo hapo hakijaungua, kimesongwa. Kuna kitu kinakipigia kelele mpaka kinashindwa kusikia.

"Bi Zainabu, tazama taa za swichi, ile yenye matundu mengi. Zinafanyaje?"

"Zinapepesa."

"Zinapepesaje? Kila moja kwa wakati wake, au vipi?"

Akazitazama. "Zote kwa pamoja, fundi. Haraka haraka. Wala hazipumziki."

Nilitaka kuruka. Katika nyumba yenye afya, taa zile ni watu sokoni: huyu anasema, yule amenyamaza, mwingine anajibu. Zikipayuka zote kwa mpigo, kuna ujumbe unazunguka ndani hauna pa kutokea. Lakini mtu asiyeona hahukumu, na mimi nilikuwa natazama maua.

"Chomoa waya zote za swichi, mama. Acha ule unaotoka kwenye ruta peke yake."

"Zote?"

"Zote. Ni kama mchele na chuya. Mwaga wote kwenye ungo, tutarudisha punje kwa punje."

Nikasikia plagi zikitoka, tak, tak, tak. Mkono wake haukusita. Kisha nikamwambia arudishe waya wa kompyuta yake mwenyewe. "Taa mbili," akasema, "zimetulia." Arudishe wa dukani. Athumani akaita kwamba umerudi, na safari hii haukufa. Arudishe wa uani. Umo. Arudishe wa watoto. Umo. Nyumba nzima ikawa na mtandao, na Bi Somoe akauliza kama tumemaliza.

"Bado," nikasema. "Bi Zainabu, umebaki na waya mkononi?"

"Nimebaki na mmoja mfupi. Siujui unakwenda wapi."

"Ulikuwa umechomekwa?"

"Ulikuwa umechomekwa. Lakini kila nikiufuata..." Nikasikia waya ukiburutwa juu ya meza. "Fundi, mkia wake nao umechomekwa humu humu kwenye swichi. Umetoka tundu hili, umeingia tundu lile."

"Huyo ndiye mwizi wako, anazungusha ujumbe humo humo. Mtoe mzima mzima."

Sasa nikamwita Athumani, na hapa nikakumbuka sauti ya Mzee Bonifasi. Sikuuliza kwa ukali. Nikamuuliza habari za matanga, watu walikuwa wangapi, walikaa wapi.

"Nyumba ilijaa, fundi. Tulitoa vitu vyote, meza, makabati, vyombo vya kaka, tukatandika mikeka kila chumba. Matanga yalipoanuliwa nikavirudisha mwenyewe, kimoja kimoja, pale pale alipoviweka."

"Na waya mfupi?"

"Ule ulikuwa na mkia mmoja unaning'inia." Akasema kwa heshima, kama anayesimulia maziko. "Nikauchomeka. Kitu cha marehemu utakiachaje kinaning'inia?"

Bi Zainabu akacheka nyuma ya pazia. Kicheko kifupi, kisha kikawa kirefu, na mwisho wake nilisikia analia. "Ule wa kompyuta yake ndogo," akasema. "Akija jioni anachomeka, akitoka anauacha unaning'inia. Nikimwambia kila siku, baba, utajikwaa. Athumani, Mungu akulipe, umefanya lile nililokuwa namgombeza alifanye."

Vijana, mtakutana na mitandao iliyouawa na radi, na panya, na chumvi. Ule uliuawa na mapenzi. Mtu alimpenda kaka yake hata hakutaka kuacha kitu chake hata kimoja kikiwa wazi, na kisanduku kile hakina akili ya kujua nia njema. Athumani alitaka kuzama ardhini. Nikamwambia kwamba katika nyumba zote nilizoingia, hakuna aliyewahi kuharibu mtandao kwa sababu nzuri kuliko yake. Nilisema kweli.

Saa nane ikagonga. Bi Zainabu akasema ukurasa umefunguka, akasema bismillahi, kisha hatukumsikia tena.

Kazi yangu ilikuwa imekwisha, ningeweza kwenda. Sikwenda. Nilikuwa na hofu ya kitu chochote chenye mkono. Kumbe sikuwa na haja ya kuhofu, kwa kuwa Bi Somoe alikuwa ameshika zamu. Yule mwenye kusema yeye na waya mbalimbali alikunja mkeka wake, akasimama katikati ya ukumbi na kutoa amri. Watoto wote wazime simu zao, mtandao ni wa mwanawe. Duka lifungwe. Mwenye kufagia asifagie, ufagio utakamata waya. Athumani akapita karibu na ukuta akaambiwa, "Wewe hasa, mikono mfukoni." Jirani mmoja akaleta uji, akazuiliwa uani na bakuli lake.

"Bi mkubwa," nikamnong'oneza, "uji hauwezi kudhuru mtandao."

"Wewe umeshatengeneza. Kulinda niachie mimi."

Tukakaa. Nje mlingoti wa Bakari ulikuwa unacheza kidogo kwa upepo, na kila ulipocheza Athumani alifumba macho. Ndani tulisikia kidole kikibofya, kikikaa, kikibofya. Mara moja kilikaa muda mrefu mno, Bi Somoe akanishika mkono bila kujua ameushika, mkono wa mwanamume asiyemhusu, kisha kikabofya tena akauachia. Mtihani ulikuwa wa kuchagua majibu, na kompyuta inasahihisha yenyewe. Aliyemaliza anajua hapo hapo. Ndiyo uzuri wake na ndiyo ukatili wake.

Alasiri ilikuwa haijaadhiniwa. Kiti kikasogea ndani.

"Shangazi," sauti ikasema. Ikakwama. Ikaanza upya. "Shangazi, nimefaulu. Nimekuwa mwalimu."

Ninyi ni watu wa pwani, sina haja ya kuwafundisha kwamba nyumba yenye eda haipigwi kigelegele. Na Bi Somoe ndiye aliyekuja kutoka Njinjo kusimamia jambo hilo na mengine ya namna hiyo. Basi Bi Somoe akainua uso, akafungua kinywa, na kikatoka kigelegele cha harusi, kirefu, cha kupasua bati, kikavuka ukuta, kikaingia nyumba ya tatu. Kilipofika katikati akakumbuka. Akaziba mdomo kwa viganja viwili, macho yamemtoka.

Jirani wa uji akaja mbio, mkono kifuani. "Bi Somoe! Kigelegele? Kwenye eda?"

Bi Somoe akashusha viganja polepole. "Astaghfirullah," akasema. "Kimenitoka." Akajitengeneza mtandio. "Na kingine kipo hapa kooni, kwa hiyo usiniongeleshe."

Nyuma ya pazia Bi Zainabu alikuwa anacheka na kulia vyote pamoja, na Athumani ameegemea ukuta, mikono bado mfukoni. Mimi nilifunga mkoba wangu. Uso wa Bi Zainabu sikuuona siku ile. Nimeuona baadaye, barabarani, akiwa ameongozana na watoto wa darasa lake, na aliponiamkia nilimjua kwa sauti.

Mtaniuliza kwa nini sikutundika vyeti pale karakana kama mafundi wengine. Nimepigiwa kigelegele kwenye nyumba yenye eda, na mlinzi wa eda mwenyewe. Mwenye cheti kinachozidi hicho na akilete, nitamwachia na ile saa.